MKATE USIO NA NGANO

Wahenga walisema, kizuri kula na mwenzio. Methali hii imechukulia jambo moja kuwa la hakika, kwamba mwenzio anaweza kula kile unachokula wewe. Rafiki yangu hawezi. Kwake andazi, chapati au kipande cha keki ni chanzo cha maumivu ya siku kadhaa. Kwa muda mrefu, katika kila sherehe tuliyokwenda pamoja, nilimsikia akiwaambia watu wazima kwa heshima, "Asante, shangazi, nimeshiba." Ukweli ni kwamba alikuwa hajala kitu.

Rafiki yangu ana ugonjwa unaoitwa siliaki. Alianza kuugua tungali shule ya msingi. Tumbo lilimjaa na kumuuma, aliharisha mara kwa mara, alikonda, na damu ilipungua mwilini. Alipewa dawa za minyoo, kisha za amiba, na nafuu haikuonekana. Baadaye alipimwa damu, halafu daktari akachukua kipande kidogo sana cha utumbo wake kwa uchunguzi. Hapo ndipo jina la ugonjwa lilipojulikana.

Siliaki husababishwa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Mtu mwenye ugonjwa huu akila gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwembamba. Ukuta wa utumbo huo una vijinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho. Vikiharibiwa, mtu anaweza kula akashiba na bado mwili ukabaki na njaa. Ugonjwa huu hauambukizi, bali huelekea kurithiwa katika ukoo. Inakadiriwa kuwa duniani mtu mmoja kati ya 100 anao, na wengi wao hawajijui. Hakuna kidonge cha kuuponya. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Chanzo hicho hakikujulikana kwa urahisi. Katika miaka ya 1920 daktari wa Marekani, Sidney Haas, aliwalisha watoto wenye siliaki ndizi nyingi na kuwakataza mkate. Walipopata nafuu, sifa zilikwenda kwa ndizi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, yeye aliishuku ngano. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali na mkate ukaadimika. Watoto wenye siliaki wakaonekana kupata nafuu. Mkate uliporejea, ugonjwa nao ukarejea. Dicke aliandika matokeo ya uchunguzi wake katika tasnifu ya mwaka 1950, na tangu hapo wagonjwa wakajua adui yao ni nani.

Hapa kwetu mtu anaweza kudhani kuwa kuishi bila ngano ni jambo jepesi. Tuna ugali wa mahindi, wali, ndizi, muhogo, viazi, mtama na ulezi, na vyote hivi kwa asili havina gluteni. Ni kweli kwamba rafiki yangu hawezi kufa njaa. Lakini tazama vyakula vya furaha: maandazi ya asubuhi, chapati za sikukuu, sambusa za wageni, keki ya harusi. Karibu vyote ni ngano. Anachokosa ni nafasi katika sinia la pamoja. Mahafali yetu ya kidato cha nne yalipokaribia, niliijua hofu yake. Kila mhitimu hulishwa kipande cha keki mbele ya wazazi na mgeni rasmi, na pale huwezi kusema umeshiba.

Niliamua kumwokea. Sikutafuta unga wa dukani, kwa sababu unga maalumu usio na gluteni ni adimu na bei yake ni kubwa. Nilikwenda kwa bibi yangu, naye akaniambia, "Mjukuu wangu, mkate wa kumimina umekuwapo siku zote." Mkate huu wa watu wa pwani hutengenezwa kwa mchele. Jina lake lenyewe lina somo la sayansi. Unga wa ngano hukandwa kwa sababu gluteni huvutika kama mpira na kufanya wavu unaonasa hewa ya hamira, ndipo donge likaumuka. Mchele hauna wavu huo. Ukiukanda utapoteza nguvu zako bure. Ndiyo maana rojo lake humiminwa.

Tuliloweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi tuliuchuja, tukausaga kwenye blenda pamoja na tui zito la nazi, kikombe kimoja na nusu, mpaka rojo likawa laini lisilo na chenga. Tulitia hamira kijiko kimoja cha chai na iliki, tukafunika mpaka likaumuka. Kisha tukaongeza sukari robo tatu ya kikombe na ute mweupe wa yai uliopigwa ukatoa povu. Povu hilo husaidia kushika hewa ambayo gluteni ingeishika. Tulipasha sufuria iliyopakwa mafuta, tukamimina rojo, na pembeni zilipoanza kutoa mapovu tukafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko. Mkate ukaiva kwa moto wa chini na wa juu.

Hata hivyo, kazi kubwa haikuwa kuoka. Kazi kubwa ilikuwa usafi. Kwa viwango vya kimataifa, chakula huitwa kisicho na gluteni ikiwa hakizidishi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Kiasi hicho ni kidogo kuliko unga unaobaki kwenye kibao cha kusukumia chapati. Kwa hiyo hatukupeleka mchele kwenye mashine ya kusaga, maana mashine hiyo husaga ngano pia. Hatukutumia mafuta yaliyokwisha kukaanga maandazi. Blenda tuliifungua na kuiosha kila sehemu, na mwiko tulinunua mpya. Siku hiyo hakuna aliyegusa unga wa ngano jikoni. Nilijifunza pia kuuliza, kwani baadhi ya wapishi huongeza kijiko cha ngano kwenye vitumbua au mkate wa mchele ili ushikamane, na baadhi ya unga wa uji wa lishe huchanganywa na ngano. Macho hayawezi kuona tofauti.

Siku ya mahafali, mkate wetu ulikaa katika sahani yake, umefunikwa, na uma wake pembeni. Tulikuwa tumemweleza mwalimu wa darasa mapema kwamba uma ulioingia kwenye keki ya ngano usiingie kwenye mkate huu. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, mama yake ndiye aliyemlisha. Akatafuna, akameza, akaomba kipande cha pili. Wenzetu nao wakaja kuonja, na kabla ya muziki kuanza sahani ilikuwa tupu.

Ndugu mtahiniwa, sisemi kwamba kila mtu aache ngano. Asiye na siliaki hana sababu ya kuikimbia. Tena anayejishuku asiiache kabla ya kupimwa, kwa sababu vipimo huweza kushindwa kuuona ugonjwa iwapo mtu ameshaacha kula gluteni. Aende hospitali kwanza.

Ninalosema ni kuhusu sisi tunaokaribisha. Watu wengi humwambia rafiki yangu, "Kula kidogo tu, mwanangu, hakitakudhuru." Wanasema kwa upendo, lakini upendo usiouliza unaweza kumlaza mtu kitandani. Kabla ya kumwandalia mwenzio, muulize anakula nini, na akikujibu, mwamini. Kizuri huwa kizuri pale ambapo mwenzio naye anaweza kukila.