Makazi ya Muda

Garissa haina bahari. Ina Mto Tana, daraja lake, na jua lisilomhurumia msafiri. Hata hivyo, ni huko tulikoikumbuka hoteli moja ya ufuoni.

Tulikuwa tumefika Dadaab, katika kaunti hiyo hiyo, kwenye kambi zilizoanza mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia. Bibi mmoja alitukaribisha chai ndani ya kibanda cha miti na maturubai. Mlango wake ulikuwa umefagiwa hata mchanga ukabaki na mistari. Mwenzetu aliposema kuwa haya ni makazi ya muda tu, bibi alijibu kwa upole kwamba wanawe wote wamezaliwa ndani ya muda huo.

Hapo ikatujia Grande Hotel ya Beira, nchini Msumbiji, si mbali na Sofala ya kale, ambayo dhahabu yake iliwatajirisha masultani wa Kilwa. Hoteli hiyo ilifunguliwa zama za Wareno, katikati ya miaka ya 1950, ikiwa na vyumba zaidi ya 100, ngazi pana na bwawa kubwa la kuogelea. Matajiri waliotarajiwa hawakuja kwa wingi, na mwaka 1963 ikafungwa. Baada ya uhuru wa 1975 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, na familia zilizokosa makwao zikaingia humo kujisitiri. Amani ilipopatikana mwaka 1992, hazikuondoka. Mbao za sakafu zilikwisha kuwa kuni, na bwawa la anasa likawa mahali pa kufulia nguo.

Wapitao hulililia jengo hilo kwa fahari iliyopotea. Sisi twalililia kwa jambo jingine. Kwa kuwa wakazi wake walihesabiwa kuwa wapita njia, hapakuwa na aliyeona wajibu wa kulitengeneza, na watoto wakakulia katika ghorofa zisizo na vizuizi. Ukuta wa zege na turubai ni mamoja, ikiwa anayekaa ndani haruhusiwi kupaita kwake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huifahamu methali hii kuwa ni ya kumchosha mgeni. Sisi, tulipoagana na bibi yule mlangoni pake, tuliifahamu kuwa ni haki yake: apewe jembe alime, ajenge, na aitwe jirani.