Siku za Idd Mjini Machakos

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Machakos hupita Voi, Mtito Andei na Makindu, kisha hufika Sultan Hamud, mji ambao hadi leo una jina la Sultani wa Zanzibar. Mbele yake ni Kyumvi, njia panda ya Machakos. Hapo huiacha barabara kuu ya Nairobi na kupanda matatu ya kumfikisha mjini. Joto la Pwani huwa limebaki nyuma kitambo. Mwezi wa Juni baridi ya Ukambani hupenya hadi mifupani, na mtu aliyezoea leso nyepesi hujuta kuliacha sweta nyumbani.

Ndivyo nilivyofika mimi mnamo Juni 2024, ndani ya siku za Idd ya Kuchinja, kumzuru shangazi yangu aliyeolewa huko zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Mji wa Machakos umekaa chini ya vilima vya Iveti, na jina lake limetokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa zama hizo. Kabla Nairobi haijawa mji, Machakos ulikwisha kuwa mji. Waingereza walijenga kituo chao hapo mwaka 1889, na makao ya utawala hayakuhamia Nairobi hadi 1899, reli ilipopita mbali na vilima hivi. Sisi wa Pwani tuna uhusiano wa zamani na mahali hapa, kwani misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe za ndovu kabla ya hiyo reli. Na mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba mifugo yao kwa kisingizio cha kupunguza idadi, maelfu waliandamana kutoka huku hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Alikamatwa akahamishiwa Lamu. Kosa lake lilikuwa kudai asikilizwe na serikali ambayo hakupewa nafasi ya kuichagua.

Nayataja haya kwa sababu jioni ya Jumatatu, tarehe 17 Juni, mazungumzo ya sebuleni kwa shangazi yalihusu serikali hiyo hiyo ya London. Binti yake anahudumia wazee katika mji wa Leicester. Waziri Mkuu Rishi Sunak alikuwa ametangaza, tarehe 22 Mei, kwamba uchaguzi mkuu wa Uingereza ungefanyika 4 Julai. Sheria ya kule inampa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata kama hana uraia wa Uingereza. Kenya imo katika Jumuiya hiyo.

"Babu zetu walitozwa kodi na London bila kuulizwa neno," alisema mume wa shangazi, akipuliza chai yake ya tangawizi. "Leo mjukuu wao anaulizwa. Dunia imegeuka."

Jirani yao, mama wa Kikamba ambaye nyumba nzima humwita Mwaitu, alikuwa amekuja kutupa mkono wa Idd, na mikono yake haikuacha kusuka kiondo. Yeye hakuona sababu ya kufikiri sana. Baba yake Sunak alizaliwa Nairobi, na mama yake Tanganyika. "Basi ni mtu wa kwetu. Ampe huyo."

"Mwaitu," alijibu kijana wa mwisho wa shangazi, mwanafunzi wa chuo, "hata hapa tuliwapa watu wa kwetu, na sasa wanataka mkate tuulipie kodi ya asilimia 16."

Tulicheka sote, ingawa maneno hayo yalikuwa na uchungu. Mswada wa Fedha ulikuwa bungeni, na siku iliyofuata vijana walikuwa wakijiandaa kuandamana Nairobi. Simu ya kijana yule haikutulia. Alituonyesha jinsi wenzake walivyouchambua mswada kifungu kwa kifungu, kwa video fupi na kwa lugha nyepesi, hata bibi kizee aelewe. Baba yake, aliyekuwa akiilaumu simu hiyo mchana kutwa, alisogea kusikiliza.

Kisha mazungumzo yakarejea Leicester. Shangazi alisema kwamba Waislamu wengi wa kule walikuwa na hasira kwa ajili ya Gaza, na kwamba katika jimbo la bintiye, Leicester South, Shockat Adam alisimama bila chama dhidi ya mkubwa wa chama cha Labour. Nikamwuliza binti atampa nani. Shangazi akainama.

"Hatapiga. Nimemkataza."

Alitoa simu akatuonyesha ujumbe. Ulidai kwamba mgeni yeyote atakayejiandikisha kupiga kura Uingereza atafutiwa viza na kurudishwa kwao. Haukuwa na jina la mwandishi wala tarehe, wala haukutaja sheria yoyote. Shangazi aliupeleka kwa bintiye na kuongeza maneno yake mwenyewe: jihadhari, mwanangu. Binti alitii, kwani neno la mama ni zito, hata likitoka ng'ambo ya bahari.

Kijana aliuliza, "Mama, nani alikuletea huu?"

Shangazi alinitazama kwa haya, kama kwamba kosa lilikuwa lake. Aliyemletea nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeupokea wiki tatu kabla, nikiwa jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko. Niliwaza, "Tuna binti yetu kule," nikaupeleka bila kuusoma mara ya pili. Niliamini nafanya wema.

Kijana hakunilaumu. Alifungua ukurasa wa Tume ya Uchaguzi ya Uingereza akatusomea: mkazi halali kutoka nchi ya Jumuiya ya Madola anaruhusiwa. Kitambulisho ni lazima siku ya kura, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya hiyo inakubaliwa. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa kesho yake, Jumanne, kabla ya saa sita za usiku. Tulimpigia binti simu usiku ule ule. Nilimwomba radhi mimi mwenyewe, mbele ya wote. Kesho yake adhuhuri alituarifu kwamba amekwisha kujiandikisha, na kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu.

Jumanne hiyo Mwaitu alitupeleka Kituluni, mashariki ya mji, kiasi cha kilomita 12. Pana kipande cha barabara hapo ambapo wageni husimama wakashangaa. Nilimimina maji ya chupa juu ya lami, nayo yakaonekana kupanda kilima. Dereva akazima gari, likajongea polepole kuelekea juu. Nilirudia mara tatu, na mara zote macho yangu yaliapa kwamba maji yanapanda. Lakini maji huteremka siku zote. Vilima vinavyozunguka mahali hapo huficha usawa wa ardhi, jicho likakosa pa kulinganishia, na mteremko ukaonekana mlima. Nilimweleza Mwaitu hayo, naye akasema kwamba basi mtu wa kupajua pale si mwenye macho makali, ni mwenye kupima.

Tulirudi mjini tukasikia kwamba kodi ya mkate imeondolewa kwenye mswada. Wiki iliyofuata, tarehe 25 Juni, vijana waliuawa mjini Nairobi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada wenyewe. Mola awarehemu waliopotea na awape subira wazazi wao.

Tarehe 4 Julai binti yetu alishika foleni na pasipoti yake ya Kenya, akapiga kura. Hakutuambia alimpa nani, nasi hatukumwuliza. Shockat Adam alishinda jimbo lile kwa tofauti ya kura 979. Ukumbi mmoja wa harusi kwetu huweza kujaza watu wengi kuliko hao. Niliwaza ni nyumba ngapi kule zilizopokea ujumbe kama wangu, na ni wangapi walibaki ndani.

Mwezi huo haukuisha kabla ya kupata funzo chungu zaidi. Tarehe 29 Julai wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport. Katika muda wa saa chache, jina la uongo lilienea mitandaoni, kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa mashua. Mshukiwa alikuwa amezaliwa Cardiff, nchini humo humo. Lakini uongo ulikuwa umeshatangulia, na jioni ya tarehe 30 kundi la watu liliushambulia msikiti wa mji huo. Ghasia zikaenea miji mingine. Siku hizo binti yetu hakutoka peke yake usiku, na shangazi hakulala.

Wapo watakaosema simu ni balaa tuzitupe. Mimi sisemi hivyo. Simu ndiyo iliyosomesha watu mswada, na ndiyo iliyotupatia sheria ya kweli siku moja kabla ya mlango kufungwa. Balaa ni kidole kinachotangulia akili. Sura ya Hujurat inatuamrisha tuzihakiki habari tunazoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Nimeisoma tangu utotoni, na bado ilinibidi nifike Machakos ndipo niielewe.

Sisi kina mama ndio wenye makundi ya familia katika simu. Humo mna harusi, misiba, michango na dua, na humo ndimo uongo hupata heshima, kwa kuwa umeletwa na shangazi au dada. Katika kundi letu tumekubaliana jambo moja jepesi: ujumbe usio na mwenyewe, tarehe wala mahali pa kuuthibitisha, unaishia kwa aliyeupokea. Asiyejua huuliza, na mara nyingi tunaowauliza ni watoto wetu. Si aibu.

Kura ni amana, na neno tunalolipeleka kwa wenzetu ni amana vilevile. Mwenyezi Mungu atujaalie tuzitekeleze zote mbili. Amin.