Rubani Aliye Chini

Watu wengi huiita ndege isiyo na rubani, na magazeti yamekwisha kulizoea jina hilo. Wengine, kwa kufupisha, husema droni. Mimi ninayejiandaa kwa mtihani wa leseni ya kuirusha kwa kazi za malipo nimejifunza kulionea shaka jina hilo la kwanza. Rubani yupo. Amesimama kivulini, miguu yake imekanyaga udongo, mikono yake imeshika kidude cha kuongozea, na ndege yake i juu ya shamba la mtu mwingine. Haikosi rubani, ila rubani hayumo. Tofauti ya maneno hayo ni ndogo katika kutamka, walakini karibu kila kanuni ninayoisoma usiku imejengwa juu yake.

Nakaa Ruanda, na sina budi kueleza upesi kwamba sisemi nchi ya Kigali. Ruanda yangu ni kata katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage, katika nyanda za juu zinazopitiwa na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Kufanana kwa majina kumenipatia mzaha mwingi miongoni mwa wanafunzi wenzangu, kwa sababu Rwanda ile, katika mwaka uo huo wa 2016, ilianza kupeleka damu katika hospitali zake kwa ndege za namna hii, na kila nitajapo kwetu hudhaniwa kuwa nimetoka katika chimbuko la elimu hiyo. Ukweli ni kwamba kwetu ndege hiyo ikipita, watoto bado huacha ng'ombe wakaifuata kwa mbio.

Nataka leseni kwa ajili ya kupima mashamba. Picha zilizopigwa kwa mpango kutoka juu zaweza kuunganishwa zikawa ramani moja, na katika ramani hiyo mtu akahesabu mibuni yake, akaona ilipokauka, akajua mpaka wake na jirani umepita wapi. Zanzibar walianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vyote kwa njia hii, wanafunzi wa chuo kikuu chao wakiwa miongoni mwa warushaji. Ugomvi wa mipaka ya mashamba haujapungua kwetu tangu nizaliwe, na nadhani ramani nzuri ingepunguza japo nusu yake. Ada ya masomo imetoka katika magunia ya kahawa ya mama yangu, jambo linalonifanya nisome kwa bidii kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Kitabu cha kanuni ni cha Kiingereza. Desturi yangu imekuwa kukifasiri katika daftari, sentensi kwa sentensi, kwani nimeona kuwa kanuni nisiyoweza kuisema kwa Kiswahili sijaielewa bali nimeikariri. Sehemu ya kwanza yahusu mkataba uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, wakati vita kuu ya pili haijakwisha. Kifungu chake cha kwanza chasema kwamba kila dola ina mamlaka kamili, yasiyo na mshirika, juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Tanganyika ilijiunga na mkataba huo mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kinyiha, alipita jioni moja akanikuta naandika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wasoma nini hata giza likuingilie?"

Nilimwambia kuwa nasoma mipaka ya hewa.

"Hewa nayo ina mipaka?"

"Ina mipaka, mzee, na ina mwenyewe. Ni serikali."

Alicheka akaegemea fimbo yake. "Basi kile kimwondo cha Marengi kiliingia bila ruhusa."

Alikuwa akisema jiwe la chuma lililoko katika kilima cha Marengi, karibu na Ndolezi, katika wilaya yetu hii, ambalo uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Mpima ardhi mmoja aliliandikia habari mwaka 1930, na tangu hapo wataalamu wakalijua. Wenyeji walilijua zamani. Ni kweli kwamba mkataba wa Chicago hauna kifungu cha vimwondo. Lakini una kifungu cha nane, kilichonishangaza kwa umri wake. Kinakataza chombo kiwezacho kuruka bila rubani kisiruke juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo, na kinazitaka nchi zihakikishe kwamba chombo cha namna hiyo hakihatarishi ndege nyingine. Waliyaandika hayo mwaka 1944. Sheria ilikuwa tayari ikingoja kabla kijana wa Mbozi hajawaza kununua kidude chake dukani.

Katika nchi yetu kanuni za ndege hizi zilitungwa mwaka 2018, zikasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na juu ya hayo hutakiwa ruhusa ya wizara ya ulinzi. Wengi hulalamika juu ya milango hiyo miwili. Sina haja ya kuitetea hapa.

Jambo lililonifurahisha ni saa. Marubani wa dunia nzima hutumia saa moja tu, ile ya Greenwich, ili asiwepo wa kusema sikujua ulikuwa wakati gani. Mwalimu alitufundisha kutoa tatu katika saa yetu ya Afrika Mashariki. Sisi tuliolelewa na saa ya Kiswahili tuna njia nyingine: saa mbili asubuhi ni saa tano kamili kwa marubani, saa nne ni saa saba, mchana huongezwa tatu, basi. Siku yao mpya huanza wakati wetu ni saa tisa za usiku, karibu na jogoo wa kwanza. Siku ya Kizungu imeanza saa tatu kabla ya hapo, na siku ya Kiswahili ilianza jua lilipotua. Mtangazo wa kufunga anga ukitoka, nalazimika kuchagua nimo katika siku ipi kati ya hizo tatu. Mtihani hukubali moja.

Shida yenyewe i katika kimo. Kanuni ijulikanayo na kila mtu ni kwamba ndege hizi zisipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, yaani kiasi cha mita 120. Nilidhani kwanza kwamba tarakimu hiyo ilichaguliwa kwa kubahatisha, mpaka nilipoisoma pamoja na kanuni ya ndege zenye abiria: rubani anayeruka kwa kutazama nje kwa macho yake, nje ya miji na mikusanyiko, hatakiwi kushuka chini ya futi 500 isipokuwa anaporuka au kutua, au kwa ruhusa maalumu. Kati ya mimi na yeye zimeachwa futi 100. Hizo futi 100 za hewa tupu ndizo ukuta wote uliopo kati ya mashine yangu na watu walioketi ndani ya ndege yao.

Sasa mtazame mtu aliyesimama katika ukingo wa nyanda zetu, mahali ardhi inapokatika ghafula kuelekea bondeni. Arusha ndege yake ipande futi 390, kisha aielekeze mbele moja kwa moja. Kipimo mkononi mwake huhesabu kutoka pale aliporushia, kwa hiyo kitaendelea kusema 390. Lakini bonde limeshuka futi 600, na ndege i futi 990 juu ya ardhi iliyo chini yake. Haikupanda hata futi moja, na sheria imekwisha kuvunjika. Ule ukuta umetobolewa na mtu asiyejua kuwa ameugusa. Mwenye kitabu alichora mfano wake kwa nchi tambarare. Mtahiniwa wa Mbozi lazima auchore upya kwa mkono wake, na tena akumbuke kuwa hewa ya mwinuko wa mita 1,500 ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu ya kumi, hata panga za ndege huzunguka kwa nguvu zaidi na betri huisha mapema.

Wala si kweli kwamba chini ya futi 400 hakuna mtu. Kaskazini ya kwetu, chini ya genge, liko bonde la Rukwa, mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu yanayojulikana tangu lile pigo la miaka ya 1930, lililodumu mpaka 1944. Nzige hao huviziwa kwa ndege, na ndege ya kunyunyiza dawa hupita chini sana, karibu na majani. Rubani wake yumo ndani. Akikutana na kidude cha kilo mbili mbele ya kioo chake hana nafasi ya kugeuka wala kimo cha kuangukia.

Hapa ndipo nilipoelewa, kwa kadiri nilivyoelewa, kwa nini sheria hii ni kali kwa kitu kidogo namna ile. Rubani aliyemo ndani analo jambo linalomlinda kuliko kanuni zote, nalo ni mwili wake. Akifanya upuuzi hewani yeye ni wa kwanza kulipa. Upepo ukibadilika anausikia katika kiti. Injini ikikohoa moyo wake hukohoa nayo. Mimi niliye chini sisikii kitu. Ndege yangu ikianguka nitahuzunika kwa bei yake, kisha nitarudi nyumbani kula. Hofu niliyonyimwa na maumbile, sheria imejitahidi kunikopesha kwa maandishi: usipoteze ndege machoni pako, usipite juu ya mkusanyiko wa watu, usikaribie kiwanja, pima upepo, andika kila safari katika daftari. Kitu kilichoachiwa kutoka mita 120, kwa hesabu isiyotia upinzani wa hewa, hufika chini kwa sekunde 5 hivi. Mama anayechuma kahawa, kapu kiunoni na macho yake katika matawi, hatautumia muda huo kutazama juu, maana hakuna aliyemwambia kuwa kuna cha kutazamwa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hakukubaliana nami. Alikuwa na ndege yake, akaniomba nimfundishe kurusha tu. Kanuni angeziona baadaye. Alitaka kupiga picha za harusi, na pengine siku moja kuupiga picha mji wa Tunduma wote pamoja na Nakonde ng'ambo.

"Kaka," aliniambia, "watu wa Tunduma huvuka kwenda Nakonde kununua sabuni wakarudi kabla chai haijapoa. Mimi nikivusha kijidude chenye uzito wa kuku, Zambia itapungukiwa nini?"

Swali lake ni zuri, na nimelifikiri sana. Anayevuka kwa miguu hupita mbele ya macho ya watu: ana uso, ana jina, ana mtu amjuaye upande wa pili, na akifanya kosa hukamatwa yeye mwenyewe papo hapo. Kijidude hupita juu ya mpaka kwa sekunde mbili tatu bila kuacha uso wowote. Nilimkumbusha habari za Gatwick, Uingereza. Mwezi wa Desemba 2018, zilipotoka taarifa kwamba ndege za namna hii zimeonekana juu ya kiwanja kile, kazi ilisimama kwa zaidi ya saa 30. Safari kama 1,000 ziliharibika na abiria wapatao 140,000 wakakwama, katika siku za kuelekea Krismasi. Hakuna aliyetiwa hatiani. Mpaka leo wapo wanaobishana kama kulikuwa na kitu chochote angani. Rubani aliyemo ndani hawezi kuwa fumbo la namna hiyo, akishuka, kashuka.

Nchi zaweza kufungua anga zikitaka, lakini hufungua kwa kuchora. Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, walitenga mwaka 2017 eneo la majaribio kukizunguka kiwanja cha Kasungu, umbali wa kilomita 40 kila upande na kimo cha mita 400. Mwaka 2018 ndege moja ya majaribio ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40. Kila mmoja aliyehusika alijua ipite wapi na saa ngapi. Nilimwambia kijana kuwa sipingi ndege yake kuvuka. Napinga isivuke kwa siri. Alisema hiyo ni lugha ya watu wenye muda.

Alirudi baada ya wiki mbili hata hivyo, akaazima daftari langu. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, akafika mahali nilipoandika madaraja saba ya anga kwa herufi zake, kutoka A, wanamopita tu wanaoruka kwa kufuata vipimo vyao chini ya uangalizi wa waongoza ndege, mpaka G, ambalo nililiita anga lisilodhibitiwa.

"Hili la G ndilo letu huku vijijini?"

"Chini chini, mbali na viwanja, aghalabu ndilo."

"Basi ni huru."

Nilimweleza kuwa maana yake ni kwamba humo hakuna mwongoza ndege wa kukuambia nani anakuja. Kazi yote ya kutazama umeachiwa wewe. Alitoa kalamu akaandika hivyo hivyo katika kiganja chake, kisha akauliza kama mtihani nao huuliza hivyo. Nilimwambia huuliza kwa Kiingereza, na majibu ya kuchagua ni manne.