Ngoliba Wakati wa Kipupwe: Samaki wa Mto Athi na Maji ya Sabaki

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya kusi. Upepo huo ukishika kasi, bahari huchafuka, ngarawa hupandishwa ufukoni, na mama aendaye sokoni hukuta changu amepanda bei na tasi haonekani. Miezi hiyohiyo, Juni hadi Agosti, nyanda za juu za bara huingia katika kipupwe. Ukungu hulala hadi saa nne za asubuhi, wazee huota moto, na mtoto wa Mombasa aliyekwenda kutembelea jamaa huomba blanketi la pili. Huko nako kuna wavuvi, nao wana kusi yao, ila kusi yao ni baridi. Safari yetu ya wiki hii yatupeleka kwao, Ngoliba.

Ngoliba iko mashariki ya mji wa Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Atokaye Pwani hufika Nairobi kwa basi au kwa reli ya SGR, akashika barabara kuu ya Thika kupitia Ruiru na Juja, kisha akaingia barabara iendayo Garissa. Hapo mandhari hubadilika upesi. Mashamba ya mananasi hutanda pande zote, na baada ya zaidi ya kilomita 20 kutoka Thika mlima mmoja huinuka peke yake, kama mgeni asiye na jamaa. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na Waswahili wakauita Kilimambogo kwa sababu ya nyati wake. Kilele chake kina urefu wa karibu mita 2,150 kutoka usawa wa bahari. Chini yake unapita Mto Athi, na hapo mto unapovunjika juu ya majabali na kumwagika kwa mikondo mingi, ndipo penye maporomoko yanayojulikana kwa jina la Fourteen Falls.

Jambo la kwanza ambalo msomaji wa Pwani apaswa kulijua kuhusu nchi hii ni kwamba imelala kati ya mito miwili, na yote miwili ni jamaa zetu. Kaskazini yake upo Mto Thika, ambao hupokea Mto Chania penye mji wa Thika, ukaenda kuingia katika Mto Tana kwenye bwawa la Masinga. Maji yake safari yao huishia Kipini. Kusini yake upo Mto Athi, uliokwisha kupokea Mto Nairobi pamoja na maji ya Ruiru na Kamiti. Athi huteremka nchi ya Wakamba, ukakutana na Mto Tsavo na kubadili jina kuwa Galana, kisha ukikaribia pwani ukaitwa Sabaki, na kuingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Ndoo moja ya maji ikimwagwa Kilimambogo, njia yake ni ya kuja kwetu.

Uvuvi wa barafu na uvuvi wa baridi

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama Kanada na jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako wamehamia ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki, majira ya baridi hugandisha ziwa zima likawa kama sakafu. Mvuvi hutembea juu yake, akatoboa shimo kwa keekee kubwa, akaketi kibandani na kushusha mshipi katika kina chenye giza. Amtafutaye ni trauti wa ziwani, samaki mkubwa apendaye maji ya baridi kali na aishiye miaka mingi. Wakati wa joto samaki huyu hukimbilia vilindini. Baridi ikiingia hupanda juu, kwa kuwa ziwa lote limekuwa baridi kama apendavyo.

Hekima ya Muumba imo katika jambo dogo. Maji huwa mazito zaidi yanapofika nyuzi 4 za Selsiasi, na yakiganda huwa mepesi yakaelea. Ndiyo maana barafu hukaa juu kama paa, na chini yake samaki wanaishi. Lau barafu ingezama, maziwa yale yangeganda toka chini na wasingebaki viumbe ndani yake. Mvuvi wa huko kabla hajashusha ndoana hupima kwanza unene wa barafu. Ikiwa ni chini ya sentimita 10, mwenye busara hurudi nyumbani.

Kwetu Kenya barafu ya namna hiyo haionekani ila kwenye vidimbwi vya juu kabisa ya Mlima Kenya. Hata hivyo trauti tunaye. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, na samaki wake wakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, ambayo pia huitwa Nyandarua. Tangu hapo samaki huyo ameenea katika mito ya milimani, na serikali ina kituo cha kumzalisha huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Vijito vya juu vya Thika na Chania navyo vimo katika makao yake.

Lakini usimtafute trauti Ngoliba. Samaki huyo ataka maji ya baridi, yenye hewa nyingi na yasiyo na uchafu. Maji yakipanda kupita nyuzi 20 huanza kutaabika, na yakichafuka huondoka au hufa. Kwa hiyo mahali alipo trauti ni shahidi wa maji mema, na mahali asipoweza kukaa yafaa tuulize sababu. Kwa Ngoliba sababu ya kwanza ni ya maumbile, kwani nchi ni ya chini na mto una joto. Sababu ya pili ni mkono wa mwanadamu.

Wavuvi wa Ngoliba

Wavuao hapa huvua kambale na perege, ambaye sokoni wengi humwita tilapia. Vyombo vyao ni vyepesi: ufito, mshipi, ndoana na kopo la nyungunyungu. Wengine hutumia mitumbwi midogo katika sehemu tulivu ya mto juu ya maporomoko. Wakati wa kipupwe subira yao hujaribiwa. Samaki hana joto la mwili lake mwenyewe, bali huwa kama maji yalivyo. Maji yakipoa, naye hupoa: tumbo lake hufanya kazi polepole, hamu ya kula hupungua, na kambale hujilaza chini kwenye matope na kutikisa masharubu yake tu. Ndiyo maana mvuvi mjuzi wa hapa hahangaiki alfajiri. Hungoja jua la mchana lipashe maji ya kandokando, kisha hutupa mshipi mahali penye kina kidogo.

Tulipofika ilikuwa Julai, na wingu lilikuwa limeufunika mlima hadi kiunoni. Tuliwakuta vijana wanne wameketi juu ya jabali, kofia za sufi zimewafunika masikio, hakuna asemaye. Kwa muda wa saa nzima walipata perege wawili, kila mmoja sawa na kiganja. Lakini si baridi iliyokuwa imetushangaza. Ni povu. Chini ya maporomoko, mahali maji yanapogonga mawe, lilisimama povu jeupe lililofungamana kama la sabuni, na upepo ulikuwa ukilichukua vipande vipande. Harufu yake haikuwa ya mto. Kwenye sehemu iliyotulia gugumaji lilikuwa limetanda kijani kibichi, zuri kwa macho ya asiyelijua.

Uchafu huo hautoki Ngoliba. Mto Nairobi hupita katikati ya mji wa mamilioni ya watu, ukipokea maji machafu ya mitaa isiyo na mabomba ya majitaka, ya viwanda na ya madampo, kisha huumwagia Athi mzigo wake wote kabla Athi haujafika Kilimambogo. Gugumaji hustawi kwa kuwa majitaka ni mbolea yake. Likishatanda hufunika mwanga, na likioza hula hewa iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Wakulima wa Ngoliba wako katika dhiki. Nchi yao ni kavu, mvua zake si za kutegemea, na maji ya kumwagilia mboga yaliyo karibu ni hayohayo.

Mzigo unaotufikia sisi

Huenda msomaji wa Kisauni au Likoni akasema kwamba hayo ni ya watu wa bara. La, si ya bara peke yake. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji yanayotumiwa Malindi, Kilifi na Mombasa hutoka Baricho, kwenye kingo za Mto Sabaki. Visima vya Baricho vimechimbwa kando ya mto, na mchanga huyachuja maji kabla hayajavutwa na kutiwa dawa. Hiyo ni rehema kubwa. Lakini mchanga huzuia tope, wala hauzuii kila kilichoyeyuka ndani ya maji.

Bahari nayo yapata fungu lake. Wakati wa kaskazi, tope la Sabaki husukumwa kusini hadi fukwe za Malindi, maji yakawa rangi ya chai. Wakati wa kusi husukumwa upande wa Mambrui na Ngomeni. Wanasayansi waliochunguza matumbawe ya Malindi wamekuta ndani yake alama za tope lililoongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20, kilimo kilipopanuka huko juu na udongo ukaachwa wazi. Matumbawe yakifunikwa hufa, na pasipo matumbawe changu hana pa kuzalia wala tafi hana malisho.

Yuko kiumbe mmoja aijuaye safari hii kuliko sisi. Ni mkunga wa mtoni. Yeye huzaliwa baharini, mbali katika Bahari ya Hindi, na wataalamu wanadhani ni upande wa Madagaska. Akiwa mdogo kama sindano ya kioo huja hadi mlango wa Sabaki, kisha hupanda mto, akiparamia hata mawe yaliyolowa. Hukaa miaka mingi kwenye maji matamu, na akikomaa hurudi baharini kuzaa na kufa. Kwake yeye bara na pwani ni nyumba moja yenye ukumbi mrefu, na kila kizuizi na kila sumu iliyomo ukumbini humkuta njiani.

Jikoni na kwenye udhu

Kina mama wataniuliza: je, samaki wa huko aliwe? Samaki kwa asili ni halali, na hilo halina ubishi. Lakini tumefunzwa kula kilicho halali na kilicho kizuri, na uzuri wa chakula ni pamoja na usalama wake. Samaki aliyekaa kwenye maji ya viwandani huweza kukusanya madini mazito katika matamvua, ini na nyama, na madini hayo hayatoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Kwa hiyo muulize muuzaji samaki wake ametoka wapi. Wafugaji wengi wa nyanda za juu wana mabwawa yao, hasa tangu serikali ilipoanza mpango wa kuchimba mabwawa mwaka 2009, na perege wa bwawa lenye maji safi ni bora kuliko wa mto wenye povu. Wanazuoni pia wameeleza habari za mnyama aliyelishwa najisi, na mwenye shaka amwendee sheikh wake amuulize.

Habari ya udhu ni hiyohiyo. Watoto wetu hujifunza madrasani kwamba maji mengi hubaki tohara maadamu najisi haikugeuza rangi yake, ladha yake au harufu yake. Mimi nilisimama ukingoni mwa mto mpana, maji yakinguruma mbele yangu, na nikachukua udhu kwa chupa niliyoinunua Thika. Sijawahi kuona maji mengi kiasi kile yasiyonifaa kwa rakaa mbili.

Pamoja na hayo, nendeni mkaone. Maporomoko yale bado ni ya ajabu, na mlima una njia ya kupanda hadi juu, wenye wanyama na ndege wengi. Chukueni nguo nzito, maji ya kunywa na ya udhu, na msali mnaoweza kuutandika kwenye nyasi kavu. Msiwaache watoto kukaribia ukingo: mawe yana utelezi na mkondo una nguvu, na watu wamekwisha kupoteza maisha hapo. Viboko nao wamo.

Na mkirudi, msikae kimya. Mikutano ya bajeti za kaunti na ya miradi ya maji iko wazi kwa wananchi, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Wakazi wa Ngoliba wamekuwa wakilalamika peke yao kana kwamba mto ni wao tu. Viongozi wetu wa Kilifi na Mombasa wakiulizwa na akina mama wa Pwani wamefanya nini kuhusu majitaka ya Nairobi, wasije wakajibu kwamba hayo yako mbali. Maji hayo wao wenyewe huyanywa.