Barua kutoka Minnesota: Mto Uachiwe Nafasi Yake

Wapendwa wa Kericho na Bomet,

Ukiteremka kutoka Mall of America, lile duka kuu la mjini Bloomington, baada ya mwendo mfupi unafika bonde la Mto Minnesota. Juu zinapita ndege za abiria zikielekea uwanja wa Minneapolis. Chini yametanda maji yaliyotuama na matete, mabata wanaogelea, tai wanavizia samaki. Kuingia ni bure, na wazee, watoto na wageni kama mimi hutembea humo kwa amani.

Ardhi hii ilitamaniwa na wenye viwanda na majengo. Majirani wa mto walijipanga, wakawashinikiza wabunge wao, na mwaka 1976 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuifanya hifadhi. Leo inaandama mto, kipande baada ya kipande, kwa zaidi ya kilomita 100.

Nilipokuwa nikiitazama, mawazo yalikuwa kwenye Mto Nyangores wa kwetu Bomet. Kazi ya ardhi chepechepe ni ileile popote: mvua ikizidi, inapokea mafuriko, inazuia tope na mbolea ya shambani, na kiangazi kikija, inaachia maji polepole. Kwetu nyingi zimechimbwa mitaro zikauke, zikapandwa mikaratusi, mti unaokunywa maji bila kushiba. Najua sababu. Mashamba yamegawanywa yakawa madogo, na viwanda vya majani chai vinahitaji kuni za kukausha chai. Lakini chai yenyewe huishi kwa mvua na ukungu, na mama anayechota maji mtoni hanywi kuni.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito ikatwe. Agizo la Nairobi peke yake halilindi mto. Wanaoulinda ni wanaoishi ukingoni. Kwa hiyo nawasihi: jambo hili lifikisheni kwenye baraza la chifu na kwenye vyama vya watumiaji maji. Mkaratusi wa chepechepe ukivunwa, msiuache uchipue tena. Pandeni mianzi au miti ya kiasili. Miti ya kuni za kiwanda ipandwe mlimani, mbali na maji.

Nyangores hukutana na Amala, ukazaliwa Mto Mara unaonywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti, kisha ukaingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Anayeokoa chepechepe moja ya Bomet anawatendea wema watu ambao hatawaona maishani.

Ndugu yenu, Minnesota