Haki Katika Hadithi za Siri

Msomaji, hapana mtu asiyependa siri. Mtoto mdogo akionyeshwa ngumi iliyofumbwa huacha kilio chake ili ajue kilichomo ndani; na mtu mzima akisikia kwamba jirani ameibiwa usiku, hali mlango ulikuwa umekomewa, huacha chakula chake kikapoa. Tamaa hii ya kujua ndiyo mtaji wa watungaji wa hadithi za upelelezi. Lakini mtaji huo si mali yao. Ni mali ya msomaji, nao wameazimwa tu. Nataka kukueleza jinsi watungaji wema wanavyolipa deni hilo, na jinsi mimi nilivyopata kujifunza kwao jambo lililonitia haya.

Katika nchi ya Marekani watungaji wa hadithi hizo na wasomaji wao wana desturi ya kukusanyika pamoja. Mkutano wao mmoja mashuhuri ulianza mwaka 1970 katika mji wa Santa Monica, California, nao huitwa Bouchercon kwa ukumbusho wa Anthony Boucher, mtungaji na mhakiki aliyefariki mwaka 1968. Katika mikutano ya namna hii watungaji wanne au watano huketi jukwaani nyuma ya meza moja ndefu, mmoja akaongoza mazungumzo, wakaeleza kazi yao. Kisha wasomaji husimama wakauliza maswali.

Siku moja, nilipokuwa safarini huko, nilipata kuketi mbele ya baraza dogo la watungaji wa hadithi fupi. Nilitazamia kusikia watu wa hila. Nikasikia watu wanaochelea dhuluma. Mmoja alisema kwamba mtungaji wa kitabu kikubwa anao msitu wa kufichia dalili yake, bali mtungaji wa hadithi fupi hana ila ua uliokwisha fagiwa. Watu wake ni watatu au wanne na kurasa zake ni chache. Kila akitajacho huonekana. Basi njia yake ni moja: dalili aiweke peupe, lakini aipe kazi nyingine. Mathalani, akitaka tujue kwamba mtu fulani hutumia mkono wa kushoto, hatasema hivyo. Atamwonyesha akimpa mgeni kikombe cha kahawa kwa mkono huo, na mgeni akanuna. Sisi tutashughulika na adabu, na dalili itatupita.

Hila hii si mpya. Edgar Allan Poe, Mmarekani ambaye hadithi yake ya mwaka 1841 huhesabiwa kuwa ya kwanza ya upelelezi, alitunga nyingine mwaka 1844 juu ya barua iliyoibwa. Askari walipekua kila pembe ya nyumba wasiione, kwa kuwa mwizi hakuificha: aliiweka mahali pa barua, mbele ya macho ya watu. Mwingereza Arthur Conan Doyle naye, katika hadithi ya mwaka 1892 juu ya farasi wa mashindano aliyetoweka usiku, alifanya dalili kubwa kuwa jambo lisilotukia: mbwa wa zizini hakubweka. Ikiwa hakubweka, basi aliyeingia hakuwa mgeni kwake. Kila msomaji aliusoma ukimya wa mbwa yule; wachache waliusikia.

Alisimama bibi mmoja mwenye mvi akauliza, "Ni kosa gani msilomsamehe mwenzenu?" Wote wakajibu neno moja: kumnyima msomaji haki. Mtungaji anaruhusiwa kumpoteza msomaji njia, bali haruhusiwi kumficha njia. Wakataja kanuni kumi zilizoandikwa mwaka 1929 na Ronald Knox, kasisi wa Uingereza aliyekuwa mtungaji pia. Mhalifu na atajwe mapema katika hadithi. Miujiza isitumiwe kufumbua fumbo. Dalili aionayo mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe. Na mpelelezi mwenyewe asiwe ndiye mhalifu. Mwaka 1930 watungaji wa Uingereza, miongoni mwao Agatha Christie na Dorothy L. Sayers, walianzisha chama mjini London, na wanachama wake waliapishwa kuwatendea wasomaji haki. Nasi wa Afrika ya Mashariki tunaye wa kumtaja: Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hufumbua kwa akili mambo ambayo wengine humsingizia mzimu.

Iliposomwa kanuni ya mpelelezi asiyepaswa kuwa mhalifu, watu walicheka. Mimi sikucheka, nami nitakuambia sababu.

Katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu zilipotea shilingi 240, mchango wa safari ya darasa. Nilikuwa nimesoma hadithi za upelelezi nyingi kuliko zilizonifaa, nikaanza kukusanya dalili. Mvulana mmoja alikuwa wa mwisho kutoka darasani. Kesho yake alikuja na viatu vipya. Nilipomwita nimwulize, aliinamisha macho. Dalili ya mvua ni mawingu, nikasema moyoni. Nikamtaja mbele ya wenzake wote. Hakulia wala hakujitetea.

Siku ya tatu niliona jalada la daftari langu la mahudhurio limevimba. Fedha zilikuwamo, kati ya jalada na karatasi niliyolifunikia, mahali nilipozisokomeza kwa mkono wangu mwenyewe kengele ilipolia. Kila asubuhi nilikuwa nimelishika daftari lile nikiita jina la mtoto yule. Viatu alinunuliwa na kaka yake aliyerudi likizo kutoka Mombasa. Na macho aliinamisha kwa kuwa kwao walimfundisha kutomkazia macho mkubwa wake.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. Akajibu, "Haidhuru, mwalimu." Lakini tangu siku hiyo hakuinua tena mkono kujibu swali langu, hata alipohitimu akaenda zake.

Basi, msomaji, soma hadithi za siri, nami sikukatazi. Ukikaribia mwisho, funga kitabu, umtaje mhalifu, kisha ukakifungue. Ukishindwa, rudi nyuma uzitafute dalili zilizokupita. Zoezi hili hunoa akili. Lakini kumbuka tofauti moja. Mtungaji mwema ameahidi kwamba kila kinachohitajika kimo katika kurasa zake. Maisha hayakutoa ahadi hiyo. Dalili tatu zaweza kuwa kweli zote, na neno lililojengwa juu yake likawa uongo, kwa sababu ya nne imo katika daftari la mtu asiyeshukiwa. Kwa hiyo kabla hujamtaja mtu, mwite kando, umwulize, umsikilize mpaka amalize. Kisha upekue mifuko yako mwenyewe.