Mshahara wa Dada Kabla ya Faida

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita wanawake wamekuwepo miaka yote: wanaponda mawe, wanaosha mchanga, wanapikia wachimbaji. Mwiko ulikuwa kushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Mwanamke akikanyaga pale, walisema, dhahabu inakimbia. Lakini kwenye mwalo wa kuoshea mchanga, mikononi mwake, haikukimbia hata siku moja.

Nilipoanza biashara ya karasha, mashine ya kusaga mawe, ndipo nilipoona mwiko ule unalinda nini. Aliyesimama duarani anajua imetoka mifuko mingapi, asiyefika huambiwa. Kwa hiyo mimi hufika, nikahesabu, na mgawo tukauandika kabla mfuko haujapakiwa.

Masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, wengi walisifu mapato ya serikali. Mimi nilisifu mzani ulio wazi na bei inayotangazwa. Kabla ya hapo bei ilipatanwa vichochoroni, saa ambazo mama wa watoto wadogo hawezi kukaa vikao na wanunuzi. Utaratibu wa wazi humfaa zaidi asiye na nafasi ya kujuana na watu usiku.

Kuna swali wenzangu wanaume hawaulizwi: "Watoto umemwachia nani?" Jibu ninalo. Nimewaacha na baba yao, na dada, binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Huyo binti asipokuja, karasha haingurumi. Ndiyo maana kwenye daftari mshahara wake uko mstari mmoja na dizeli, na likizo yake ya siku 28 ipo kisheria kama ya mfanyakazi mwingine yeyote.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya wanandoa. Wanawake tulifurahia, na tulistahili kufurahi. Basi kazi hizohizo haziwezi kugeuka bure eti kwa kuwa sasa zinafanywa na binti wa mtu mwingine ili mimi niende machimboni.

Wasichana wakiniuliza nimewezaje peke yangu, nawaambia sikuwa peke yangu. Kisha nawapa masharti: leseni iwe na jina lako, mgawo uwe kwenye maandishi, na mshahara wa dada utoke kabla hujahesabu faida.